Safari ya Kwenda Kupiga Magoti

Wenzangu wa benchi la kliniki, mmeniuliza mara tatu sasa: kwa nini Desemba niliwaaga natembea mwenyewe na Januari nikarudi na fimbo? Mara zote nimewajibu "safari tu," nikageuza maneno. Mimi nimechoka kuulizwa na nyie mmechoka kudanganywa. Naandika mara moja, msome mpeane, halafu tuongee mambo mengine.

Yule aliyenipa wazo la vidonge anajijua. Simtaji. Ila naye asome mpaka mwisho.

Nyakato, kabla hatujaondoka

Nianze na kilichonipeleka. Mume wangu, Masanja, kwao ni kijiji cha ufukweni mbele ya mji wa Sengerema. Kule mwanamke hamwamkii mkubwa akiwa amesimama. Unapiga magoti, unaamkia, unaitikiwa, ndipo unainuka. Kwa mama mkwe ndiyo usiseme. Miaka miwili iliyopita tulipomzika baba mkwe, magoti yangu yalikuwa yameumuka kama maandazi, nikamwamkia mama mkwe nimesimama, nimeegemea ukuta wa jikoni. Aliitikia marahaba huku anatazama zizi la ng'ombe. Tangu siku hiyo hajapokea simu yangu. Akitaka kusikia sauti za wajukuu zake anampigia Masanja. Mimi nikawa yule mwanamke wa Mwanza mwenye kiburi.

Ugonjwa wenyewe mnaujua, sina la kuwafundisha. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga. Chetu sisi kimepita nguo kimeingia kwenye viungo, kinga ya mwili inang'ata mwili ule ule inaoulinda. Watu wa nje hawaelewi hilo. Wanaojua kwamba nilikata minofu ya samaki miaka sita huku Nyakato, Mwanza, wanasema ni baridi ya kiwandani. Wengine wanasema nimerogwa. Wengi wananitazama kuanzia juu mpaka chini na kusema mbona sionekani mgonjwa, na hao ndio wanaoniudhi kupita wote.

Basi nikaapa kwamba Krismasi hii nitapiga magoti mbele ya ukoo mzima, mama mkwe anione, tumalize. Kuanzia Novemba nikawa napunguza steroidi kwenye dozi yangu, kidonge leo, nusu keshokutwa, nakificha kwenye kopo tupu la mafuta ya nywele, akiba ya siku ya magoti. Siku nilizopunguza ziliniumiza. Kila alfajiri Masanja huamka kuchemsha maji, akayaleta kwenye beseni niloweke vidole mpaka vifunguke, na mwezi ule beseni moja halikutosha. Akiniuliza kulikoni, namwambia mvua hizi.

Mwezi huo huo naye alinifanyia kituko. Alikuja na futi ya fundi nguo, akanikalisha kitandani, akapima kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti, kisha kutoka nyonga mpaka kiwiko. Nikamuuliza ni gauni gani hilo linapimwa viwiko. Akacheka, akaandika kwenye simu yake. Nikajua ananishonea kitu cha sikukuu, nikanyamaza nisimharibie. Gauni hilo sijaliona mpaka leo.

Kwenda kivukoni

Shemeji yangu Bahati, mdogo wake Masanja, ana gari aina ya Noah. Alisema tuondoke saa kumi na mbili asubuhi. Mwili wangu huwa tayari saa tatu, kwa hiyo saa kumi alfajiri nilikuwa nimeshaketi ukingoni mwa kitanda, nalisubiri goti la kulia lijibu. Bahati alifika saa mbili kasoro, anapiga honi kama anayetoroka msiba.

"Shem, twende, pantoni haingoji mtu."

"Shemeji, mimi nimeamka saa kumi. Anayengojwa hapa ni nani?"

Alicheka. Mapacha wetu, Kulwa na Doto, wana miaka minane, walikuwa wamekaa garini na viatu vipya. Masanja alitaka tupite darajani, Kigongo hadi Busisi, mtu hashuki garini. Watoto wakasema hapana, wanataka pantoni ya Kamanga, wasimame juu waone maji. Baba yao akanitazama.

Nikasema twende Kamanga. Watoto hawa nimewanyima mengi. Tangu niugue sijakimbia nao, sijawabeba mgongoni, na sherehe ya shule mwaka jana niliisikia kutoka kitandani. Pantoni ningewanyimaje? Nilijua nitaumia na nilikubali kwa kusudi.

Magugu

Tulipofika kivukoni maji hayakuonekana. Upepo ulikuwa umesukuma magugu maji mpaka gatini, kijani kitupu, ungedhani ni shamba la mpunga. Pantoni ilikuwa kule mbele inazunguka inatafuta upenyo. Tukakaa. Saa moja, saa mbili. Joto likapanda, Bahati akalala na mdomo wazi.

Hapo ndipo nilipoona wakati umefika. Daktari alishaniambia dawa ile haimezwi na tumbo tupu, nikamtuma Masanja anunue sato wa kukaanga na ndizi, kwa nia mbili: nile nikishaimeza, na yeye aondoke. Alipoondoka nikatoa kopo. Kifuniko kikanishinda. Nikampa Doto afungue. Alifungua, akachungulia ndani.

"Mama, mbona nyingi?"

"Ni za safari."

"Na za kesho?"

"Nimesema ni za safari, Doto."

Nikazimeza zote na maji ya chupa, mtoto ananitazama. Nimewahi kumdanganya daktari, nimemdanganya mume, lakini uongo ule kwa Doto ndio unaonirudia. Masanja alirudi na sato, akanichambulia miiba kama kawaida yake, akaniwekea minofu kwenye kifuniko cha hotpoti. Nilikula namwonea huruma. Alikuwa anamlisha mtu asiyemjua.

Magugu yalipoachia, abiria tukaamriwa kushuka na kuingia kwa miguu, ndiyo sheria ya pantoni, magari yanapanda peke yake. Ule mteremko wa gati niliushuka kwa kuhesabu. Ndani nikapata nafasi kwenye benchi. Sijamaliza hata kupumua, mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akanigusa bega.

"Dada, mpishe mzee akae. Wewe bado kijana."

"Naumwa, mama."

"Unaumwa nini na umesuka vizuri hivyo?"

Watu wakacheka. Nikasimama, nikashika chuma, mzee akakaa. Alinishukuru vizuri tu, halafu tulipofika Kamanga alishuka mbio mbio na mfuko wake wa mbolea begani. Mimi nilikuwa bado natafuta pa kuweka mguu.

Kamanga mpaka Sengerema

Huko njiani dawa ikafika. Nyie mnaijua ile raha, msijifanye hamuijui. Kwanza vidole vinalegea, halafu mabega, halafu unagundua umekunja miguu bila kufikiri. Tulipopata pancha, Masanja na Bahati wakashuka kubadili tairi, nami nikashuka nikachuchumaa kando ya barabara nikichuma maua na watoto. Nilichuchumaa, wenzangu. Miaka minne sijachuchumaa.

Kulwa alisema, "Mama umepona?"

"Leo nimepona."

Masanja alisikia, akainua kichwa kutoka kwenye tairi. Aliniangalia kwa furaha ambayo sikuipenda, maana ilikuwa ya kweli na mimi nilijua imetoka wapi. Sengerema mjini tukasimama tena, Bahati anatafuta kitenge cha shangazi, Masanja anatafuta betri ya redio ya mama. Nilizunguka nao sokoni mzima mzima, nimebeba kikapu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na pancha, magugu na vumbi, lakini nayo ilifika.

Uwanjani kwa mama mkwe

Tulifika saa kumi jioni. Chini ya turubai walikuwa wamekaa wanawake wa ukoo, kama ishirini, kwenye mikeka. Mama mkwe alikuwa katikati kwenye kigoda, amevaa kitenge kipya. Pembeni yake kilikuwepo kiti kitupu cha mninga, kirefu kuliko viti vya kawaida, kina mikono na mto wa kitambaa chekundu. Nikajua ni cha katekista, maana Krismasi hakosekani.

Masanja alikuwa nyuma ya gari anashusha mizigo. Aliniita, "Mama Kulwa, ngoja kwanza." Sikungoja. Ningengoja nini na dawa ina saa zake? Nilitembea mpaka mbele ya mama mkwe, nikapiga magoti yote mawili kwenye udongo, nikainamisha kichwa.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma chao. Kisha nikaongeza, "Shikamoo, mama."

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama magotini. Mikeka yote ilikuwa kimya, hata waliokuwa wanamenya viazi wameacha. Nikafikiri wameguswa. Hata leo nikikumbuka kwamba nilifikiri wameguswa, natamani ardhi inimeze.

"Marahaba," akasema hatimaye, taratibu sana.

Basi mimi nikazidi kupamba moto. Nikainuka bila kushika chochote, nikachukua birika na beseni kutoka kwa binti aliyekuwa anaandaa chakula, nikaanza kuwanawisha wakubwa mmoja mmoja, kila mmoja kwa magoti. Birika lile la bati likijaa ni zito, mnajua viganja vyetu, lakini siku ile nililishika kwa mkono mmoja. Nikapakua ugali wa muhogo, nikapeleka dagaa, nikapeleka maziwa mgando. Nilipomfikia shangazi yake Masanja, dada wa marehemu baba mkwe, alinawa polepole huku anatabasamu. Kisha akamgeukia mama mkwe, akasema kwa sauti ya kufika mpaka zizini:

"Wifi, huyu ndiye uliyetuitia kikao jana?"

Shangazi akakung'uta maji mikononi, akaendelea.

"Jana umesimama hapa hapa ukatukemea. Ukasema tumemwonea mtoto wa watu, viungo vyake vinaumwa kweli, umeuliza mpaka kwa nesi wa zahanati. Ukasema atakuja atasalimia ameketi kwenye kiti chake, na anayepinga asile chakula chako. Mimi nikakwambia, wifi, wa mjini hao wanakuchezea. Haya. Magoti nimeyahesabu, ni kumi na tisa."

Wengine wakacheka, si kwa ubaya sana, kama watu wanavyocheka mtu akianguka. Mama mkwe aliinuka. Akachukua ule mto mwekundu kutoka kwenye kiti, akaukunja kwapani, akaingia ndani. Nilibaki na birika mkononi. Kwa mbali Masanja alikuwa amesimama kando ya gari, mikono kichwani.

Nyuma ya jiko

Masanja alinikuta nyuma ya jiko. Sikumwacha aanze.

"Ulijua?"

"Nilijua. Vipimo vya kiti nilimpa mimi."

"Na hukuniambia."

"Mama alinikataza. Alisema alikukosea mbele ya watu, atakuomba radhi mbele ya watu, na ukione kiti mwenyewe kwa macho yako. Nesi ndiye aliyemweleza ugonjwa ulivyo. Alilia, mama Kulwa. Mama yangu halii." Akayatazama magoti yangu, bado yana udongo. "Na wewe, yale magoti umeyatoa wapi?"

Nikampa kopo la mafuta ya nywele. Alilifungua, akanusa, akaona unga mweupe chini. Masanja si mjinga. Miaka minne ananihesabia vidonge kuliko ninavyojihesabia mwenyewe.

"Kwa hiyo Novemba haikuwa mvua," akasema.

"Haikuwa mvua."

Nilitaka anigombeze. Angenigombeza ningejitetea, ningesema ni yeye na siri zake, na kweli lawama ni zake pia, mpaka leo namlaumu. Alilifunga lile kopo, akalitia mfukoni, akaenda kumalizia mizigo.

Siku nisizozihesabu

Krismasi yenyewe sikuiona. Asubuhi yake nilijaribu kugeuka kitandani nikashindwa. Kila kiungo nilichokitumia siku ile kilirudi na wenzake: magoti, viganja, taya, hata kutafuna sikuweza. Homa ikapanda. Walikuwa wamepika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, chakula ninachokipenda kuliko pilau, Kulwa akaniletea bakuli nikashindwa kushika kijiko. Nje watu wanaimba. Nilisikia sauti ya shangazi ikiuliza yule aliyekuwa mzima jana leo yuko wapi, na vicheko.

Siku ya pili yake mama mkwe alikuja mlangoni. Hakuingia. Alisimama ameshika fremu ya mlango.

"Shikamoo, mama," nikasema kutoka kitandani. "Nisamehe, siwezi kuinuka."

"Juzi mbele ya watu ulikuwa mzima. Leo tuko wawili, unaumwa."

"Mama, nilimeza dawa nyingi ili niweze. Masanja analo kopo."

"Amenionyesha."

"Nilitaka unipokee."

"Nilikuwa nimekupokea," akasema. "Nilikusemea kwa ukoo wa mume wangu, watu ambao kwa miaka arobaini sikuwahi kuwabishia. Nilikaa na fundi siku mbili mpaka mikono ya kiti ikatoka sawa. Ungekuja ulivyo."

"Sikujua, mama."

"Hukujua. Sawa." Alitazama vidole vyangu juu ya shuka, vilivyovimba, kwa muda mrefu. "Na mimi nilikuwa najua kwamba unaumwa. Nesi aliniambia nikaelewa. Sasa nakuangalia na sijui tena. Sijui juzi ndiyo uliigiza au ni leo. Wakiniuliza nitawaambia nini?"

Mwili wangu wote ulikuwa jibu na ulikuwa umeshaharibiwa na mimi mwenyewe. Akaachia fremu, akaenda kuwatimua kuku waliokuwa wameingia jikoni.

Kurudi kwa daraja

Tuliondoka siku mbili kabla ya tulivyopanga. Masanja na Bahati walinibeba mpaka garini, ukoo unatazama, na sura zao zilisema wazi kwamba hata kubebwa ni mchezo. Mapacha walikuwa wanalia, hawajaoga ziwani hata mara moja. Hiyo ndiyo likizo niliyowapa.

Bahati alipowasha gari mama mkwe akatoka ndani amekibeba kile kiti mwenyewe, kichwani, mtu wa miaka sabini. Akakiweka chini kando ya mlango.

"Kifungeni juu," akamwambia Masanja.

"Mama, hiki ni cha hapa," Masanja akasema.

"Kikibaki hapa kitanicheka."

Nikateremsha kioo, nikamwita. Alikuwa ameshageuka.

Tulipita Busisi, tukaingia darajani. Maji chini yanametameta pande zote mbili, Kulwa tu ndiye aliyehesabu nguzo. Dakika chache tukawa Kigongo. Hakuna gati, hakuna mteremko, hakuna wa kuniambia nimpishe mzee. Juu ya paa kiti kilikuwa kinagonga gonga kila tukipita tuta.

Daktari nimeshamweleza yote. Amenigombeza inavyostahili, amenirudisha kwenye dozi kubwa kuliko ile niliyokuwa nayo, na amenipa hii fimbo mnayoiuliza. Masanja bado anachemsha maji kila alfajiri. Analeta beseni, analiweka, anakaa. Ila siku hizi kabla ya kumimina anaangalia vidole vyangu kwanza, kwa makini, halafu ndipo anamimina. Hajui kama nimemwona. Simlaumu kwa hilo.

Na kiti kiko sebuleni, ndicho ninachokikalia nikiandika haya. Fundi yule ni fundi. Nyayo zinafika chini barabara, viwiko vinalala mahali pake, na nikitaka kuinuka nasukuma ile mikono ya mninga naondoka bila kumwita mtu. Tangu niugue sijakalia kitu kilichonienea namna hii. Kila Jumapili baada ya ibada nakaa hapa nampigia mama mkwe. Simu inaita mpaka inakata.